Majimoto, Mlinzi wa Minazi ya Unguja

Hapana mtoto aliyekulia katika mashamba ya Unguja asiyemjua majimoto. Ni chungu mwekundu mwenye miguu mirefu, aishiye juu ya miti, na jina lake limetokana na maumivu ayaletayo: mtu akiumwa naye huhisi kama aliyemwagiwa maji yaliyochemka. Mwiba hana. Huuma kwa taya zake, kisha hulikunja tumbo na kutia ndani ya jeraha majimaji makali ya asidi. Na kwa kuwa mmoja akianza wenziwe humfuata, mchumaji wa karafuu aliyekigusa kiota kwa bahati mbaya hana la kufanya ila kushuka upesi. Basi si ajabu kwamba kwa muda mrefu mdudu huyu alihesabiwa miongoni mwa adui wa shamba. Habari hii ni ya namna adui huyo alivyotambuliwa kuwa mlinzi. Na pia ni ya namna ambavyo, baada ya kutambuliwa hivyo, ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya kufahamika vema sharti moja la ulinzi wake, sharti ambalo halikuwa juu ya mti bali chini, katika majani yaotayo kando ya shina.

Kiota cha majimoto ni kazi ya kustaajabisha. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani, wakalivuta kwa taya mpaka likutane na jani la pili. Na nafasi ikiwa kubwa, mmoja humshika mwenziwe kiunoni, na huyo humshika wa tatu, hata wakafanya mnyororo. Majani yakisha kukutana, wengine huleta mabuu, yaani watoto wao wasioota miguu bado, wakawapitisha huku na huku baina ya kingo mbili kama fundi apitishavyo sindano. Buu hutoa uzi wa hariri, na kwa uzi huo majani hushonwa. Hariri ambayo kwa chungu wengi wengine ni ya buu kujifumia nyumba yake mwenyewe, hapa hutolewa kwa manufaa ya jamii nzima. Kundi lililokomaa huwa na viota hata zaidi ya mia moja, vilivyotapakaa katika miti kadhaa, na wafanyakazi wake huweza kufikia nusu milioni. Nao aghalabu ni watoto wa malkia mmoja tu, aliyejificha katika kimojawapo cha viota hivyo. Miti hiyo ndiyo nchi yao, na mipaka yake huilinda. Mdudu mgeni akikanyaga humo hushikwa miguu, akavutwa pande zote mpaka akafa, kisha hubebwa kiotani kuwa chakula.

Ili thamani ya ulinzi huo ifahamike, yafaa kukumbuka jinsi mashamba ya Unguja yalivyopandwa. Mikarafuu ililetwa kutoka visiwa vya Mascarene katika miaka ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa, na jina litajwalo sana katika habari hiyo ni la Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman. Husimuliwa kwamba Sayyid Said bin Sultan aliwaamuru wenye mashamba kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alihatarisha ardhi yake. Kisha ikaja tufani ya Aprili 1872. Sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja iling'olewa, na Pemba, iliyosalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Katika Unguja minazi ilienea zaidi, ijapokuwa mikarafuu haikutoweka. Matokeo ni shamba la mchanganyiko, mnazi na mkarafuu bega kwa bega, na katikati yake mchungwa, mwembe, mstafeli na mihogo. Mtu aliyezoea kilimo cha mistari iliyonyooka huliona kuwa ni fujo. Kwa majimoto ni mji uliopangwa vema.

Karafuu ilijaza hazina ya serikali. Nazi ilijaza tumbo. Karafuu ina msimu wake, na msimu mmoja huwa mkubwa na wa pili mdogo. Lakini mnazi huzaa mwaka mzima, na mwenye minazi michache ana kitu cha kupeleka sokoni Darajani wakati wowote anapohitaji chumvi au mafuta ya taa. Tui, mbata, makuti ya paa, kamba za makumbi, kuni za vifuu: nyumba ya shamba, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe vilevile, zilisimama juu ya mti huo. Ndiyo maana Kiswahili kina jina la kila umri wa tunda lake. Kwanza ni upunga, kisha kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, na mwisho ndiyo nazi. Wizi unaosimuliwa hapa hutokea katika daraja mbili za mwanzo, na hapo ndipo ulipojificha. Kwani mnazi wenye afya nao hupukutisha vidaka vyake vingi kwa tabia yake, na mtu akiviona vimelala chini haoni sababu ya kumtafuta mwizi.

Serikali ya Himaya ilikuwa na mtaalamu wa wadudu tangu zamani. W. M. Aders, aliyekuwa mwanabiolojia wa serikali, alitoa karibu na mwaka 1914 maelezo ya wadudu waharibuo mazao ya Unguja na Pemba. Maelezo ya namna hiyo yalifuata desturi ya wakati wake: mdudu huandikwa kwa ajili ya kuuawa. Aliye rafiki hakuwa na safu yake katika daftari. Haikuwa kasoro ya mtu mmoja wala ya serikali moja. Elimu yenyewe ya wadudu wa mazao, popote ilipofundishwa, ilizaliwa kutokana na hasara, nayo ilimtazama mdudu kwa macho ya mwenye kuhasiriwa.

Aliyegeuza mtazamo huo katika Unguja ni M. J. Way. Mwaka 1951 alichapisha taarifa fupi katika jarida la Nature, na mwaka 1953 akaifuatisha kwa maelezo marefu. Way alionyesha kwamba vidaka vingi vilivyoanguka vilikuwa vimechomwa na mdudu wa jamii ya kunguni, ambaye hufyonza upunga na matunda machanga. Mate yake ni sumu kwa mmea. Mahali alipochoma hufa, gundi ikatoka, na kidaka kikaanguka. Kikisalimika, hukua kikiwa na makovu, na nazi yake huwa ndogo, pengine imepinda. Wala hawahitajiki wengi. Wachache tu juu ya mnazi mmoja watosha kuupunguzia sana mazao, hata mkwezi akipanda aweza kuteremka bila ya kumwona hata mmoja. Mwaka 1955 E. S. Brown alimwandika mdudu huyo kwa jina la kitaalamu, akamwita Pseudotheraptus wayi. Ni heshima ya ajabu kidogo, kwamba mpelelezi ndiye aliyempa mwizi jina lake.

Jambo la pili alilolionyesha Way ndilo kubwa zaidi. Mnazi uliokaliwa na majimoto ulikuwa na kunguni hao wachache mno, au hakuwapo kabisa, nao ulizaa vizuri. Mnazi usiokuwa na majimoto, hata ukiwa hatua chache tu kutoka hapo, vidaka vyake vilimwagika. Tofauti haikuletwa na udongo, wala mvua, wala bidii ya mwenye shamba. Na mbali sana, katika Visiwa vya Solomon vya bahari ya Pasifiki, kisa hichohicho kilikuwa kikijulikana kwa wahusika wengine: mnazi uleule, kunguni wa jamii ya karibu, na chungu mfumaji ambaye ni ndugu wa majimoto. Bahari mbili hazikupeana habari, walakini minazi yao ilikuwa imeajiri ukoo mmoja wa walinzi.

Wachina walilijua jambo hili kabla ya wote. Katika kitabu cha mimea ya nchi za kusini kinachonasibishwa na Ji Han, na ambacho tarehe yake hutajwa kuwa mwaka 304, mna habari za watu waliouza sokoni viota vya chungu wekundu, wakavitundika katika michungwa, kwa kuwa pasipo chungu hao machungwa yaliharibiwa na wadudu. Hiyo ni karne kumi na sita kabla ya taarifa ya Unguja. Aghalabu husemwa kuwa ndiyo habari ya kale kuliko zote, iliyoandikwa, ya mdudu aliyewekwa kazini na mkulima amwue mdudu mwingine.

Ikiwa majimoto ni mlinzi mwema hivyo, na ikiwa ni mwenyeji wa kisiwa, kwa nini hakuwa katika kila mnazi? Jawabu ni kwamba ana maadui wa kabila lake. Ardhini hukaa chungu wengine, na Way aliwachunguza kwa makini. Wako wa jamii ya Anoplolepis, wenye mbio na miguu mirefu, ambao mmojawapo hupenda hasa mahali penye mchanga na majani haba. Tena yuko sisimizi mdogo wa Pheidole, ambaye baadhi ya wafanyakazi wake wana vichwa vikubwa kupita kiasi, kama askari waliovaa kofia za chuma zisizowaenea. Hawa hutoka ardhini wakapanda shina. Majimoto ni mkubwa na mkali, lakini sisimizi huja kwa wingi usiokwisha. Mmoja humshika mguu, wa pili mguu mwingine, na yule bingwa wa kuwavuta wageni akavutwa yeye. Siku hata siku kundi la majimoto hurudi nyuma mti mmoja, kisha wa pili. Naye sisimizi akishautwaa mnazi haulindi dhidi ya kunguni kama alivyoulinda yule aliyemfukuza. Vita hivyo havina kelele. Mwenye shamba hulala na kuamka, na kitu cha pekee akionacho, baada ya miezi, ni kwamba minazi ya upande mmoja imekuwa bahili.

Walakini kisa hiki kina upande mwingine, nao ndio unaokifanya kuwa kigumu. Majimoto hupenda sana kufanya viota katika mkarafuu. Majani yake ni mengi, yamekaribiana, na hushonwa kwa urahisi kuliko kuti. Juu ya mkarafuu wako wadudu wa magamba, hasa mmoja ambaye jina lake la kitaalamu limetokana na kisiwa chenyewe, Saissetia zanzibarensis. Mdudu huyu hufyonza maji ya mti na kutoa majimaji matamu. Majimoto huyanywa, na kwa malipo humlinda mfugwa wake, kama mchungaji na mbuzi wake wa maziwa. Way aliyaandika maelezo ya uhusiano huo mwaka 1954. Kwa hiyo chungu yuleyule auondoleaye mnazi mwizi huufugia mkarafuu mnyonyaji. Tena kuna mchumaji. Karafuu huchumwa kwa mkono, mtu akiwa juu ya mti, akiyavutia matawi kwake kichala kwa kichala. Na kwa vizazi vingi mchumaji hakuwa mwenye mti. Mwanzoni alikuwa mtumwa. Baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897 akawa mfanyakazi wa ujira, aliyelipwa kwa kadiri ya pishi alizozijaza. Kila mara alipolazimika kushuka kwa ajili ya majimoto, aliyepata hasara ni yeye. Faida ya ulinzi wa mnazi ilikwenda kwa mwenye shamba. Maumivu ya mlinzi yalikwenda kwa mchumaji. Katika taarifa za wataalamu jambo hili hutajwa, likitajwa, kama usumbufu mdogo. Kwa aliyekuwa juu ya mti halikuwa dogo, na chuki yake kwa chungu huyo ilikuwa na hesabu yake kamili.

Kwa hiyo swali la kama majimoto ni rafiki au adui halina jawabu moja katika shamba la Unguja. Hutegemea ni mti upi, ni msimu upi, na zaidi ya yote ni mtu gani aulizwaye.

Wakati Way akifanya kazi yake, dunia ilikuwa imelewa DDT. Dawa hiyo, iliyosifiwa sana baada ya Vita Vikuu vya Pili, iliahidi kuondoa haja ya kujua mdudu gani humla nani. Kwa mnazi ahadi hiyo ilikuwa na kikwazo kikubwa, ambacho hakihitaji elimu ya juu kukifahamu: mnazi mrefu wa Afrika Mashariki hufikia mita ishirini na zaidi, na panda zake ziko kileleni. Kumnyunyizia dawa mti mmoja mmoja, tena mara kwa mara kwa kuwa huzaa mwaka mzima, ni gharama isiyolipwa na nazi zake. Tena dawa imwuayo kunguni humwua na majimoto. Na kunguni, ambaye huruka, aweza kurejea upesi, hali kundi la majimoto huhitaji muda mrefu kujengeka upya. F. L. Vanderplank, aliyeendelea kumchunguza kunguni huyo na majimoto, alichapisha matokeo yake mwaka 1958 na 1960, na mlinzi yuleyule akabaki katikati ya maelezo.

Kisha mambo makubwa kuliko wadudu yakaipata nchi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi ilitaifishwa, na tangu mwaka 1965 mashamba makubwa yaligawiwa watu kwa eka tatu tatu. Wengi waliokuwa wakichuma kwa ujira walipata miti ya kuitumia wao wenyewe. Kwa mara ya kwanza mtu mmoja aliweza kuwa ndiye aumwaye na majimoto juu ya mkarafuu na ndiye afaidiye ulinzi wake juu ya mnazi, na hesabu mbili zilizokuwa mbalimbali zikaingia katika kichwa kimoja. Lakini mgawanyo huo ulileta jambo jipya. Majimoto hajui eka. Kundi moja laweza kuwa na viota kwa mtu huyu na kwa jirani yake. Na mmoja akiyachoma moto maskani yao ili achume kwa raha, wa pili huona vidaka vyake vikianguka bila ya kujua kilichotendeka ng'ambo ya mpaka.

Kazi ya utafiti ilihuishwa tena na Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza karibu na mwaka 1980 kwa msaada wa Ujerumani, na makao yake yakawa Mikocheni, Dar es Salaam. Safari hii swali lilikuwa limenyooka: mlinzi anajulikana, adui yake anajulikana, je, mlinzi asaidiweje? Njia ya kwanza ilikuwa chambo. Mwaka 1992 Zerhusen na Rashid walichapisha matokeo ya kutumia chambo chenye sumu ambacho sisimizi wa kichwa kikubwa hukibeba mwenyewe mpaka shimoni kwake. Sisimizi wakipungua, majimoto huipata nafasi ya kuenea. Njia ya pili ilikuwa ya kamba. Kwa kuwa majimoto hushambuliwa zaidi anapolazimika kupita chini, hufungiwa kamba kutoka mti hadi mti akavuka juu kwa juu. Njia ya tatu ilikuwa ni kupanda kati ya minazi miti ambayo majimoto huipenda kwa viota, kama michungwa na mistafeli. Ni kusema kwamba baada ya utafiti mwingi mkulima alishauriwa kulifanya shamba lake lifanane na lile la mchanganyiko alilokuwa nalo babu yake.

Njia ya nne ndiyo iliyopingana na heshima ya watu. Mwaka 1995 Rapp na Salum walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mashamba ya minazi ya Unguja, wakilinganisha wingi wa magugu, aina za chungu, madhara ya wadudu na mazao. Mwaka 2011 ikatoka makala ya Seguni, Way na Van Mele juu ya jambo hilohilo, na msomaji aliyelijua jina la Way katika taarifa ya 1951 alilikuta tena hapo, miaka sitini baadaye, akiwa bado na chungu walewale wawili. Matokeo yake ni haya: ardhi ikipaliliwa ikabaki tupu, sisimizi wa kichwa kikubwa hupanda mitini na kumfukuza majimoto, majani yakiachwa chini, sisimizi hubaki chini, na miti huwa ya majimoto. Maelezo yaliyo karibu na akili ni kwamba ardhi yenye majani ina chakula, na mwenye chakula nyumbani hana sababu ya kuhamia ghorofani.

Ugumu wa shauri hilo haumo katika kulifahamu. Katika Unguja, kama katika nchi nyingi za wakulima, shamba safi ni sifa ya mwenye nalo, na majani marefu chini ya minazi husomwa na kila apitaye kuwa ni uvivu, au ugonjwa, au msiba. Mabwana shamba wa kila serikali waliihimiza palizi. Na palizi ina sababu zake za kweli: mche mdogo hushindwa na magugu, nyoka huonekana, na nazi iliyoanguka yenyewe usiku haipotei katika nyasi. Kumwambia mtu kwamba jembe lake, alishikalo kwa bidii, ndilo limfunguliaye mlango mwizi wa vidaka, ni kumwambia neno zito. Yamkini ndiyo maana shauri hili limeenea polepole kuliko chambo na kamba, ingawa halina gharama hata senti moja. Aliyelikubali kwa nusu, akasafisha kuzunguka miche na mahali pa kupita na kuyaacha majani mengine yakifyekwa tu bila ya kung'olewa, hakukosea sana.

Majani hayo yana kazi nyingine isiyotajwa katika habari za chungu. Upunga wa mnazi una maua madume mengi na majike machache, na katika minazi mirefu madume hufunguka na kwisha kabla majike hayajawa tayari. Kwa hiyo chavua, yaani ule unga wa ua dume, aghalabu hutoka mnazi mwingine, ikiletwa na upepo na nyuki. Magugu yenye maua huwapa nyuki sababu ya kukaa shambani wakati miti mingine haichanui. Mtu aweza kuuliza kama majimoto, ambaye humkamata kila arukaye akatua, hamfukuzi na nyuki pia. Huenda humsumbua. Lakini hesabu ya mwisho husomwa katika nazi, na hesabu hiyo, tangu siku za Way, imekuwa upande wa mnazi wenye majimoto.

Vanila yaonyesha jinsi mambo yawavyo mahali asipokuwapo mdudu kabisa. Mmea huo asili yake ni Meksiko, na ulipopelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi mdudu wake wa kuuchavusha hakusafiri nao; ulichanua bila ya kuzaa, mpaka mwaka 1841, katika kisiwa cha Bourbon, kijana mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius, alipoonyesha namna ya kuliunganisha ua kwa kijiti na kidole gumba. Katika mashamba ya viungo ya Unguja vanila huchavushwa kwa mkono hata leo, ua moja moja, tena katika asubuhi ileile lifungukapo. Mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo kwa wiki moja hahitaji kuhubiriwa thamani ya nyuki.

Na si kila mlinzi aliyeletwa visiwani alileta heri. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa ili ale taka za mji. Alizila, kisha akaendelea na mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, na matunda, na hajaondoka. Majimoto hakuletwa na mtu. Hilo ndilo lililomfanya asionekane, na ndilo limfanyalo kuwa salama zaidi kutumiwa.

Katika karne hii amepata kazi mpya. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya, naye akaenea Afrika Mashariki kwa kasi. Hutaga mayai ndani ya embe, na aliyelinunua sokoni hukuta funza. Nchini Benin, Van Mele na wenziwe walionyesha mwaka 2007 kwamba miembe yenye majimoto hupata hasara ndogo zaidi. Pamoja na kuwakamata nzi, harufu ambayo chungu huiacha juu ya tunda huwazuia kutaga. Kwa mwenye miembe ya dodo au boribo habari hiyo ina maana kubwa, ingawa mwangua maembe ataliona jambo hili kwa jicho lilelile la mchumaji wa karafuu. Wengine hupaka majivu mikononi na shingoni, wengine huangua alasiri wakati wafanyakazi wengi wamo mbali na viota, na kila mmoja huapa kuwa njia yake ndiyo bora.

Mwenye kutaka kumhamishia majimoto katika mti usiokuwa naye hana budi kuyajua mambo mawili. La kwanza, makundi mawili yakikutana hupigana mpaka moja limalizike; kwa hiyo viota vyote vya kuhamishwa viwe vya kundi moja, na miti iendayo kukaliwa isiwe na kundi jingine wala sisimizi chini yake. La pili, malkia ni mmoja. Viota hamsini vikihamishwa pasipo yeye vitaonekana vimeshamiri kwa muda, wafanyakazi wakizunguka na kuwinda kama desturi, kisha watapungua mmoja mmoja bila ya wa kuwarithi. Kiota chake hakina alama ya nje. Aghalabu hupatikana mahali pa juu, katikati ya nchi yao, ambapo walinzi ni wengi kuliko kwingine. Na njia ya kukitafuta ni kupanda, alfajiri wakati wa baridi, na kukata tawi zima na kulitumbukiza guniani kabla hawajaamka.